Sahani ya Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Cheelo aliwapeleka ng'ombe wao wawili, Mayoba na Mulonga, mtoni kunywa maji. Zamani nyumba yao ilikuwa na ng'ombe wanne wa kulimia. Ugonjwa wa kupe uliwaua wawili mwaka uleule mvua ilipokatika mapema, na tangu hapo ghala halikujaa tena. Sasa Cheelo, mama yake na wadogo zake walikula mara moja tu kwa siku.

Asubuhi hiyo hakwenda shule. Mvua ya kwanza ilikuwa imelowesha ardhi, na ilikuwa zamu yao ya kutumia trekta ya kikundi cha wakulima. Zamu ilikuwa ya siku moja tu; kesho yake trekta ingevuka mto kwenda kijiji kingine. Shamba lisipolimwa leo, mahindi yangechelewa, na mahindi yaliyochelewa yangekauka kabla ya kubeba.

Dereva wa siku hiyo alikuwa Mjomba Mweemba, kaka yake mama. Tangu baba yake Cheelo afariki, neno la mjomba ndilo lililokuwa la mwisho katika nyumba ile. Alikuja amefunga nyuma ya trekta plau kubwa ya sahani tatu za chuma za kupasulia udongo, aliyoiazima kwa tajiri mmoja wa karibu na barabara.

"Kaka," mama alisema, "plau ya kikundi ina sahani mbili. Kwenye mafunzo tuliambiwa trekta hii ina nguvu za farasi arobaini tu. Sahani tatu zinataka kama sitini."

"Dada yangu, hebu fikiri. Ng'ombe wanne walivuta jembe letu bila taabu. Humu ndani mna farasi arobaini, halafu washindwe na visahani vitatu?"

"Labda nao hawajala tangu jana," alidakia Luyando, mtoto wa mjomba. Wote wakacheka, hata mama. Hawakucheka tena siku hiyo.

Sahani zilipozama ardhini, trekta ilinguruma, ikatoa moshi mweusi, ikakwama. Magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale yakichimba mashimo, na ya mbele yakaanza kuinuka. Mjomba alirudi nyuma, akajaribu tena, na tena. Jua lilipofika utosini, sehemu iliyolimwa haikutosha hata kupanda maboga. Klachi ilinuka kama mpira unaoungua.

Mama aliketi kando ya shamba, kapu la mbegu mapajani. Watoto walikuwa wamelala na njaa mara nyingi ili mbegu zile zisiliwe.

"Lete ng'ombe," mjomba aliamuru ghafla.

Katika nchi ile ya wafugaji, jembe likiwa zito, watu huongeza jozi nyingine ya ng'ombe mbele. Ndivyo mjomba alivyofundishwa tangu utoto. Alifunga mnyororo kutoka kwenye trekta hadi kwenye nira, na Cheelo akashika kamba ya mbele, kama watoto wa huko wafanyavyo.

"Mjomba, Mayoba amekonda."

"Shika kamba! Mwakani wadogo zako wale nini, mawe?"

Mnyororo ulikaza. Ng'ombe waliinama, misuli ikawatetemeka. Mara magurudumu yalipata pa kushika, trekta ikaruka mbele. Mayoba alijikwaa, akaanguka kwa magoti. Cheelo alipiga yowe. Mjomba alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, na trekta ikasimama karibu kabisa na mkia wa ng'ombe.

Cheelo alifungua mnyororo, akawaondoa ng'ombe mbele ya trekta.

"Nani amekwambia uwafungue?"

"Nisamehe, Mjomba. Ukitaka kunipiga, nipige. Lakini siwarudishi hapo. Trekta haina uvivu, mzigo ndio umeizidi. Mama alisema tangu asubuhi."

Luyando alishika mdomo. Hakuwahi kumsikia mtoto akimjibu mjomba wake hivyo.

Mjomba aliyatazama magoti ya Mayoba yanayotoka damu. Kisha akashuka, akaketi kwenye udongo, akafunika uso kwa mikono. "Nimewamaliza watoto wa dada yangu," alisema.

"Bado hujamaliza mtu," mama alijibu, akiweka kapu chini. "Inuka ulete spana. Hiyo sahani ya nyuma imefungwa kwa nati tu, haikuzaliwa hapo."

Nati zilikuwa zimeshika kutu. Walizimiminia oili, wakachomeka bomba kwenye mpini wa spana, wakaning'inia wote hadi nati zikalegea. Waliiondoa sahani ya tatu, wakarekebisha gurudumu dogo la plau ili isiyumbe. Mjomba akapanda tena.

Trekta ilisogea. Ilikwenda polepole, lakini haikukwama, na udongo mweusi ukapinduka nyuma yake mstari baada ya mstari. Jua lilipozama, ulibaki ukanda mwembamba tu karibu na mto. Mama alikuwa tayari akifukia mbegu, huku akilia kimyakimya.

Walipoketi kunywa chibwantu, uji mchachu wa mahindi, mjomba aliwaita watoto karibu.

"Sikilizeni. Mimi nilichagua plau kwa kutazama njaa yetu. Trekta haijui njaa, inajua nguvu yake tu. Kabla ya kufunga plau, ulizeni kwanza: trekta ina nguvu kiasi gani, na udongo ni mzito kiasi gani? Na anayejua akisema, msikilizeni, hata akiwa dada yenu mdogo. Leo nilikataa kumsikiliza, nikakaribia kumuua Mayoba, na labda na mtoto."

Cheelo alikuwa akiyaosha magoti ya Mayoba kwa maji ya chumvi. "Na ule ukanda uliobaki, Mjomba?"

"Kesho nitaleta ng'ombe wangu na jembe lao. Mayoba apumzike."

"Kamba atashika nani?"

"Nitashika mimi," alisema mjomba. "Wewe nenda shule."