Tumbo la Jumbe Yonathani

Asubuhi hiyo Mzee Sila, mlinzi wa chumba cha makumbusho pale Njombe, aliona kwamba tumbo la jumbe kwenye katuni limevuka mstari wa pembeni.

Tarsis ndiye aliyeichora kwa ajili ya gazeti, na sasa ilikuwa imetundikwa kando ya mikuki na majembe ya zamani: jumbe mnene amekalia magunia ya ulezi wa raia wake, anatafuna. Watu waliitazama wakacheka mpaka wakafuta machozi.

"Mwalimu, umeongeza wino?" Sila alimnong'oneza Tarsis.

"Sijaigusa, mzee wangu."

Chumba kilinuka udongo mbichi. Sura ile ilikuwa ya baba mdogo wa Tarsis, Jumbe Yonathani, aliyezikwa kabla ya mavuno. Ukoo ulikuwa haujanyoa nywele za msiba, desturi ya kumuaga marehemu; Tarsis, mwalimu wa misheni, aliyaita hayo mambo ya kale.

Nyumbani, binti yake Ema alisukuma bakuli la uji. "Babu ameshaula," alisema.

Tumbo likazidi kujaa. Ema akazidi kukonda.

Shangazi Getruda alikuja kutoka Matembwe, akaishika mikono ya mtoto. "Umemweka mfu achekwe kabla hatujamnyolea? Kicheko kinamwamshia njaa, mwanangu. Ichome. Wembe hautamwondoa watu wakiwa bado wanamcheka."

Tarsis aliiondoa makumbusho, akaichoma uani kwake mchana, ukungu ukiwa umeshuka, na moshi wake ulinuka nyama, ukatambaa chini hadi mlangoni, ukakaa pale kama mgeni anayengoja kukaribishwa, mpaka ukoo uliponyoa nywele na upepo ukauchukua, na Ema akameza uji, na mama yake, Telesia, akalia kwa furaha.

Ndipo kicheko kikasikika nyumba ya jirani.

Tarsis alikimbilia huko. Filemoni alikuwa amebandika magazeti ukutani kuzuia baridi, kama walivyofanya wengi.

"Karibu, mwalimu! Huyu jumbe wako ametuvunja mbavu. Shemeji zangu Makambako wanaye ukutani, na Tandala nasikia hakuna nyumba isiyo naye!"

Tarsis alianza kubandua karatasi kwa kucha.

"Baba Ema!" Telesia aliita kutoka uani. "Njoo! Amefunga mdomo tena!"

Filemoni akaacha kucheka. Chini ya vidole vya Tarsis, ndani ya ukuta, kitu kilikuwa kinatafuna, taratibu, bila haraka yoyote.