Ukuta wa Merlinda Korongoni

Ngurumo ilisikika kabla wingu halijaonekana. Merlinda aliacha kupukuchua mahindi, akatega sikio. Sauti ilitoka nyuma ya mlima bapa. Bibi yake akashukuru kimyakimya, maana mvua ilikuwa imechelewa mno, na mahindi ya bluu kule bondeni yalikuwa yakingoja korongo lishuke maji. Ndiyo yangesagwa kwa arusi ya dada yake Merlinda.

Merlinda hakuweza kushukuru.

Siku chache nyuma, Mjomba Harlan alimtuma apange matawi ya vichaka kukatiza korongo, juu kidogo ya shamba. Vichaka vilikuwa na miiba na jua lilikuwa kali. Akapanga mawe yaliyojaa hapohapo badala yake, ukuta uliomfika kiunoni, kisha akamwambia mjomba kwamba amefanya vilevile alivyoagizwa.

Sasa mjomba alikuwa akiwasha gari. Merlinda akalikimbilia dirisha lake.

"Mjomba, nilikudanganya. Niliweka mawe."

Mjomba alimtazama. "Panda," akasema. "Lete na koleo."

Walilikuta korongo bado kavu, ila upepo ulinukia udongo uliolowa. Wakabomoa ukuta na kuyatupa mawe ukingoni, mjomba akitega sikio upande wa juu wa korongo kila mara. Kisha wakakata vichaka na kuvishindilia mchangani. Miiba ilimchoma Merlinda mikono yote, asinung'unike.

"Ukuta mzuri huu," mjomba alisema akihema. "Ungekuwa wa nyumba, ningehamia leo."

Mara akamvuta mkono, wakapanda ukingoni. Maji yakaja mekundu, yakisukuma povu na vijiti. Yalipofika kwenye matawi yakapunguza kasi, yakapenya, yakatawanyika shambani shina kwa shina.

Mjomba alivua kofia, akashukuru kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia.

"Mpwa wangu, huku kwetu maji ni adimu, lakini yakija huja na nguvu. Ukiyazuia kwa mawe yanavunja, yanachimba mtaro na kuondoka na udongo wote. Matawi huyaomba yapite taratibu. Leo ukweli wako umetangulia maji, ndiyo maana tuna shamba. Nakushukuru kwa hilo. Kwa ule uongo sikushukuru."

Merlinda akafuta macho kwa kiganja chenye matope.

"Msimu ujao nitapanga matawi mimi, mjomba. Na kazi ikinishinda, nitakwambia imenishinda."