Lori la Mapeasi Lililogoma Kushuka

Kila Jumamosi asubuhi Jenipher alifagia uwanja, akamkatia ng'ombe majani, kisha akapanda kilima kwenda shuleni kwenye klabu ya kompyuta. Alikuwa darasa la sita, na mdomo wake ulifika shuleni kabla ya miguu.

"Mchezo wetu utakuwa moto!" alimwambia mwenzake, Bryson. "Lori la mapeasi linatoka Lushoto, linashuka kona zote mpaka Mombo!"

Kompyuta zilikuwa chache, kwa hiyo kila kikundi kilipewa zamu fupi. Mwalimu Sefania alikuwa ameagiza waje na mchezo uliochorwa kwenye karatasi na kujaribiwa na mtu mwingine. Jenipher aliona hayo ni mambo ya chekechea.

"Mchezo uko humu," alisema akijigonga kichwa.

"Humo humo ulimosahau kazi ya hesabu?" Bryson alimuuliza.

Zamu yao ilipofika, walibishania rangi ya lori. Wakapatana nyekundu. Wakahamia kwenye honi. Honi ilipoanza kulia vizuri, Bryson akauliza, "Sasa mtu anashindaje?"

Jenipher akabonyeza honi tena. Muda ukaisha.

"Honi nzuri," alisema Mwalimu Sefania. "Lakini Jumamosi ijayo ndiyo zamu yenu ya mwisho kabla ya siku ya wazazi. Mchezo usiokamilika hautaonyeshwa."

Jenipher alinywea. Mama yake, aliyekuwa akiuza matunda Muheza, alikuwa ameshaahidi kupanda milima kuja kuuona.

Kesho yake, baada ya ibada, Jenipher na Bryson walichora barabara kwenye katoni. Vizibo vya soda vikawa malori, maharage yakawa mapeasi. Kila ukisogea unafunua kikaratasi: ukungu, jiwe au njia nyeupe. Ukungu na jiwe vinaangusha mapeasi. Mwenye mapeasi mengi mwishoni ndiye mshindi. Wakamwita Bibi, aliyeishi na Jenipher, ajaribu.

Bibi akafunua kikaratasi cha kwanza. Njia nyeupe. Akavuta kikombe chake cha chai, akatulia.

"Bibi, zamu yako. Sogeza!"

"Sisogei. Huko mbele kuna ukungu."

"Lakini ni lazima usogee!"

"Imeandikwa wapi, mke mwenzangu?"

Bryson aliinua katoni, akaangalia mpaka chini yake. Haikuandikwa popote. Akaendelea kushuka peke yake, akafika Mombo na harage moja.

"Mimi yangu yote yapo," alisema Bibi. "Haya, nipigieni makofi."

"Bibi, unaharibu mchezo!" Machozi yalimlengalenga Jenipher.

"Naucheza kama mlivyoutengeneza. Afadhali niugomee mimi hapa jikoni kuliko wazazi wote pale shuleni."

Jenipher aliwaza wazazi wameegesha malori, wanakunywa chai. Kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

"Bibi, mapeasi yakichelewa njiani inakuwaje?"

"Yanalainika. Muulize mama yako anavyohangaika nayo."

"Basi kila ukisimama, peasi moja linaoza!"

"Ala!" Bibi akaweka kikombe chini na kulishika lori lake. "Sasa mnataka kunitoa jasho."

Jioni zote za wiki ile walicheza. Hadija wa jirani akagundua kasoro nyingine, nayo wakairekebisha. Jumamosi walipoketi kwenye kompyuta, hawakubishana hata kidogo. Walijua kila kinachotakiwa. Walimaliza, wakapata na nafasi ya kuujaribu.

Siku ya wazazi, mama yake Jenipher alishika kipanya kwa woga. Lori lilipokaribia kona ya Soni alipiga kelele, "Breki! Jamani, mapeasi yangu!" Chumba kizima kikacheka.

Mwalimu Sefania aliwavuta Jenipher na Bryson kando. "Akili mnazo, tangu siku ile ya honi," alisema. "Mlichokosa ni maandalizi. Makosa kwenye kazi hayakosekani. Ukijiandaa mapema, unayakuta wakati bado una nafasi ya kuyatengeneza. Usipojiandaa, yanakungoja mbele za watu. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nyuma yao foleni ya wazazi ilikuwa ikinung'unika. Mama yake Jenipher alikuwa ameshafikisha lori Mombo salama, na bado alikataa kuachia kiti.