Kishonawimbo cha Molo

Kishonawimbo kiliufumua wimbo kama fundi anavyofumua gauni, kisha kikaushona upya. Katika sikio la kijana aliyekuwa akikimbia barabarani kiliharakisha ngoma. Katika sikio la bibi mgonjwa aliyejilaza kitandani kilipunguza kasi, kikaongeza fidla. Kiliyashonea mamilioni ya masikio kwa wakati mmoja, kila sikio kwa kipimo chake, na hakuna aliyehisi sindano.

Aliyekibuni ni mhandisi kijana, Jerotich. Chenyewe kilikuwa sanduku la kioo lenye ukubwa wa jiko la mkaa, lakini kiliunganishwa na shanga za sikio, vile vidude vyeupe ambavyo kila mtu, katika Jiji la Molo na kwingineko, alivivaa tangu alfajiri hadi anapolala. Shanga zilisikiliza mapigo ya moyo na maongezi ya mwenye nazo, zikakipasha habari. Jerotich alikuwa amekipa agizo moja tu: tafuta kinachomgusa mtu. Aliamini kwa dhati kwamba muziki ukimkaa kila mtu sawasawa, upweke utapungua duniani.

Albamu ya kwanza kupita humo ilikuwa *Lango la Zizi*, ya Gathecha wa Turi, mwimbaji wa kantri. Ilishika nafasi ya kwanza kwenye chati kutoka Mombasa hadi Kigali, na haikushuka. Watu walisimamishana sokoni.

"Umelisikia lile jina kwenye kiitikio?"

"Wacha tu! Nililia mpaka mume wangu akadhani tumefiwa."

Jerotich pia alilia. *Funga lango, Chebet, ukungu umeshuka*, wimbo ulisema, na Chebet lilikuwa jina la marehemu mama yake. Gathecha alikuwa amemwambia kwamba albamu nzima aliiimba kwa ajili ya dada yake, aliyeuza kondoo wake wote ili kumnunulia gitaa, akafa kabla ya kumwona jukwaani. "Nilimwahidi jina lake litaimbwa na watu wasiomjua," alisema. "Lenyewe utalisikia wimboni." Jerotich alishangaa kidogo Mkikuyu kuwa na dada aitwaye Chebet, jina la Kikalenjini, lakini Molo watu wameoana tangu zamani. Akayaacha.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa mapema. Gathecha, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, alimkuta Jerotich kando ya jukwaa akikikagua kishonawimbo.

"Injinia, hebu nitazame. Kofia inakaa?"

"Inakaa, Mzee. Ila buti zina matope."

"Matope ya Turi hayo. Mwimbaji wa kantri asiye na matope ni tangazo la kofia tu." Kisha akapunguza sauti. "Kwenye kiitikio nitawageuzia maikrofoni, kama ilivyo kawaida yetu waimbaji. Leo nitalisikia jina lake kwa masikio yangu."

Akapanda. Aliimba beti mbili, umati ukiyumba taratibu. Kilipofika kiitikio akaigeuza maikrofoni, akafumba macho, akangoja.

"Funga lango," maelfu waliimba kwa sauti moja. Na pale jina lilipofika, pakatokea mngurumo. Otieno. Zawadi. Wanjala. Baba. Mwende. Kila mmoja alitaja la kwake kwa mapenzi yake yote. Kisha wakafumbua macho, wakatazamana.



Gathecha akacheka kicheko kifupi cha mashaka. "Labda gitaa limewafunika," alisema, akauimba mstari peke yake, polepole. Jerotich alisikia *Chebet*. Akazing'oa shanga masikioni. Kutoka jukwaani ikamfikia sauti nyembamba, kavu, isiyopambwa na chochote:

"Funga lango, Nyokabi."

Nyokabi! Gathecha naye alivaa shanga, na zake zilimpa Nyokabi kila alipousikiliza wimbo wake. Angejuaje? Hakuna aliyekiambia kishonawimbo kwamba jina la mtu haliguswi. Nchi nzima ilikuwa imeulilia wimbo ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia dada yake.

"Injinia," Gathecha aliita, "hawa wanamwimba nani?"

"Kila mtu wake, Mzee." Jerotich akavuta swichi, akakizima kishonawimbo.

Uwanja ukanyamaza kama nyumba iliyokatiwa umeme. Mama mmoja wa safu ya mbele akaushika uzio kwa mikono miwili.

"Umefanya nini wewe? Rudisha! Alikuwa anamwimbia Kimutai wangu!"

"Si yeye, mama. Ilikuwa mashine. Yeye siku zote alimwimba Nyokabi."

Yule mama alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Nyuma yake watu walianza kutoka, wengine wakirusha shanga chini. Kwenye ubao mkubwa wa chati juu ya jukwaa, *Lango la Zizi* ikashuka hadi nafasi ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Gathecha hakugeuka kuutazama. Alisimama tu, gitaa likining'inia kifuani.

Mama yule alijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Na huyo Nyokabi," akauliza, "ni nani?"

 Gathecha alikuwa amesikia. Aliweka gitaa chini, akavua kofia, akaja kuketi ukingoni mwa jukwaa, buti zake za matope zikining'inia karibu na uzio.

"Alikuwa na kicheko cha kutimua kondoo," alisema.

Langoni, baadhi ya waliokuwa wakitoka wakasimama.