Madoa kwenye Mstari wa Dafina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dafina aliingia kwenye banda la nailoni nyuma ya nyumba yao, akakunja nailoni za pembeni ili joto lipungue, kisha akamwagilia pilipili. Hazikuwa zile zinazowasha. Zilikuwa pilipili tamu, ndefu na nyekundu, ambazo kila nyumba katika bonde la Strumica huzichoma na kuzisaga vuli ikifika, na kuzijaza kwenye chupa ili ziliwe majira ya baridi.

Mistari mitano ilikuwa ya miche ya kununua. Mstari wa sita ulikuwa wa Dafina mwenyewe. Aliuotesha kwa mbegu za mwisho alizoachiwa na marehemu bibi yake. Mbegu hizo hazikuwepo tena kwa mtu mwingine yeyote kijijini.

Jumamosi moja majirani walikuja kusaidia kufunga miche kwenye kamba. Mjomba Tase, kaka yake Mama, ndiye aliyesimamia kazi tangu baba yake Dafina aende Italia kutafuta riziki. Alipofika mstari wa sita, alipaza sauti.

"Njooni muone! Nani amemwaga mbolea kavu humu?"

Majani ya chini yalikuwa na vidoa vya kahawia, vikavu, kana kwamba yamerukiwa na cheche za moto.

"Mimi sijamwaga kitu, Mjomba," Dafina alisema.

"Basi majani yamejiunguza yenyewe? Ulikuwa na haraka ya kwenda kucheza, ukatupa mbolea ovyo. Sasa unaongeza na uongo!"

"Bibi shamba huyo," alicheka Risto, mtoto wa Mjomba Tase. "Hata kumwagilia hajui."

Jirani yao Vetka alitikisa kichwa kwa masikitiko. Dafina alihisi uso ukiwaka moto. Angekuwa amekosa, angenyamaza. Lakini hakukosa! Mbolea ile hakuigusa hata kwa kidole, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Mjomba Tase aliinama kung'oa mche wa kwanza. Dafina akaruka, akasimama kati yake na mstari.

"Ukizing'oa, mbegu ya Bibi imekwisha!"

"Toka hapo, mtoto wewe."

"Sitoki!"

"Kaka, mwache," Mama alisema. "Kesho nitamwita Mwalimu Rumena atazame. Akisema zing'olewe, nitazing'oa mimi mwenyewe."

Mwalimu Rumena, aliyefundisha sayansi shuleni kwao, alikuja na lenzi yake mfukoni. Alipiga magoti, akatazama jani moja mbele na nyuma, kisha la pili. Mjomba Tase alisimama mlangoni na mikono kiunoni. Risto alikuwa nyuma yake.

"Hii si mbolea," Mwalimu alisema. "Mbolea ingeunguza kingo za majani. Tazama, Dafina. Doa limekauka, lakini pembeni yake jani ni kijani kabisa. Na majani mapya ya juu je?"

"Ni safi, Mwalimu."

"Sasa twende kwenye ile mistari mizuri."

Mjomba Tase alitabasamu. Lakini Mwalimu alipofunua majani machanga ya miche ile ya kununua, tabasamu likamtoka. Yalikuwa na mabaka ya njano na kijani, yamejikunja kama karatasi iliyolowa.

"Virusi vimeingia humu," Mwalimu alisema. "Miche hii haikujua kujikinga, kwa hiyo vimepanda mpaka juu. Ile ya Dafina imejikinga. Virusi vilipogusa jani, seli za pale pale zilijiua kwa haraka. Virusi haviishi kwenye seli iliyokufa, basi vikakwama ndani ya doa. Mmea umepoteza kipande kidogo cha jani, ukaokoa mwili mzima."

"Na virusi vyenyewe vimetoka wapi?" Mama aliuliza.

"Mara nyingi hutoka kwenye tumbaku, huletwa na mikono. Nani alikata vichipukizi vya pembeni?"

"Baba," Risto alijibu upesi. "Mistari yote. Anasokota sigara, anakata, anasokota tena. Hanawi!"

"Nyamaza wewe!" Mjomba Tase aliiweka nyuma mikono yake yenye vidole vya njano.

Ilibidi miche ya mistari mitano ing'olewe na kuchomwa moto. Mstari wa sita ulibaki, na Mwalimu akawaagiza waache pilipili zake nyingi ziive kwa ajili ya mbegu. Jioni, Mjomba Tase alimfuata Dafina jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Haya, mpwa wangu, yamekwisha. Tusahau."

"Hayajakwisha," Dafina alisema. Hakuinamisha macho. "Uliniita mwongo mbele ya watu wote. Sasa unaniomba msamaha kwa kunong'ona?"

"Dafina!" Mjomba alishtuka. "Unasema na mkubwa wako."

"Anasema kweli, kaka," Mama alidakia kutoka penye jiko. "Umemchafua mtoto hadharani, msafishe hadharani. Na wewe pia, Dafina, jifunze hapa. Ukiona doa, usikimbilie kulaumu wala kung'oa. Chunguza kwanza limetoka wapi. Leo tungeng'oa mimea mizima, tukabaki na ile inayougua."

Majirani walipokuja tena kusaidia kupanda miche mipya, Mjomba Tase alinawa kwa sabuni mpaka viwiko, kisha akasimama kando ya mstari wa sita.

"Dafina hakumwaga mbolea," alisema akitazama chini. "Kosa lilikuwa langu. Hakusema uongo."

"Huku nyuma hatusikii!" Vetka aliita.

Mjomba Tase akavuta pumzi, akapaza sauti ikafika barabarani.

"Nimesema Dafina hakusema uongo!"