Kompyuta ya Mama Kadi Yapata Kazi ya Pili

Kila asubuhi Mama Kadi hufungua dirisha la sebule, huwasha kompyuta, kisha huenda kuchemsha chai wakati mashine inaamka. Kazi yake ni kutengeneza kadi za mialiko. Sebule ndiyo ofisi yake. Kuna meza, printa, mkasi, na karatasi ngumu zimejazwa hadi chini ya kochi.

Mume wake ni fundi wa magari. Mtaani wanamwita Spana. Zamani ungemsikia kabla hujamwona, maana alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Kisha akapata kiharusi. Mguu ulirudi taratibu. Mkono ulirudi nusu. Ulimi ulibaki mzito. Akili yake ilikuwa timamu kabisa, lakini maneno yalitoka yamekunjamana, na mkewe pekee ndiye aliyeyaelewa.

Siku moja simu ya Spana iliita. Mama Kadi alikuwa na gundi mikononi, kwa hiyo Spana akapokea mwenyewe. Aliyepiga alikuwa mteja wake wa zamani.

"Haloo, fundi! Gari langu linatoa moshi mweusi. Nilete lini?"

Spana akajibu. Akarudia. Akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi.

"Kaka, asubuhi yote hii umeshalewa?" mteja akauliza, na kukata simu.

Spana aliilaza simu mezani, kioo chini. Toka hapo akaacha kuongea. Akitaka maji, ananyoosha kidole. Akiulizwa jambo, anatikisa kichwa.

"Baba, umefunga ofisi bila kutuaga?" binti yao alimtania. Alikuwa anasoma sekondari, na utani aliurithi kwa baba huyo huyo. Spana hakucheka.

Walipokwenda hospitali, Mama Kadi alimsimulia habari ya simu ile mtaalamu wa matamshi, yule anayempa Spana mazoezi ya ulimi.

"Pole sana, mzee wangu," mtaalamu alimwambia Spana. Kisha akafikiri. "Kuna watafiti wanaifundisha akili bandia kuwasikia watu wenye ulimi mzito. Yaani ni programu ya kompyuta. Inasikilizishwa mifano mingi, mpaka ijue kwamba sauti hii ni neno hili. Ikifaulu, simu itamsikiliza mzee na kuandika anachosema."

"Ikifaulu?"

"Ikifaulu, mama. Sikudanganyi. Ni utafiti bado. Tena hauponyi ulimi. Mazoezi yako pale pale."

"Wamekwama wapi?"

"Sauti za wagonjwa ni chache. Na hesabu ni nyingi mno kwa kompyuta walizo nazo. Wanaomba watu wa kawaida wajitolee nguvu ya kompyuta zao za nyumbani, wakati hazina kazi."

Mama Kadi alishasimama. "Yangu hukaa bure kila alasiri. Waitumie."

"Subiri nikupe anwani ya tovuti yao."

"Nitaipata, daktari," alijibu, tayari yuko mlangoni.

Alipofika nyumbani akatafuta kwenye mtandao. Akaona tangazo lenye rangi nyingi: *Jitolee kwa akili bandia! Bonyeza hapa.* Akabonyeza. Kila "Ndiyo" iliyojitokeza, aliibonyeza nayo.

Kesho yake kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga. Ukiigusa, ya moto. Mchoro wa kadi za harusi uliganda kwenye kioo, na bwana harusi mwenyewe amesimama mlangoni akipangusa jasho.

"Mama, njoo uone mita ya umeme inavyokimbia!" binti alipiga kelele. "Kitoe hicho kidude!"

Mama Kadi alizima mashine. Akamwomba radhi bwana harusi. Kisha akavuka uchochoro kwenda kwa jirani yao, fundi wa kompyuta wa chuo kimoja. Watu wanamwita Dada Nyaya, kwa kuwa mkoba wake haukosi nyaya.

Dada Nyaya akaketi, akaichunguza kompyuta.

"Dada yangu, hii programu umeitoa wapi?"

"Mtandaoni. Si ndiyo ya watafiti?"

"Wapi! Hii ni ya matapeli. Wamegeuza mashine yako punda wao. Inawapigia hesabu za kuzalisha sarafu za mtandaoni, wajitajirishe, nayo haipumziki."

"Kwa hiyo nimeliwa."

"Umeliwa. Lakini umewahi."

Akaiondoa programu ile, akaisafisha kompyuta, kisha akamwambia Mama Kadi abadilishe maneno yake yote ya siri, akianza na la barua pepe na la benki.

"Basi yaishe, Mama," binti alisema.

"Hayaishi!" Mama Kadi alikaza sauti. "Nimekosea mlango, safari sijaikosea. Baba yako ameitwa mlevi ndani ya simu yake mwenyewe, halafu mimi nikae nikikata kadi tu? Dada Nyaya, nioneshe mlango wenyewe."

Wakampigia mtaalamu wa matamshi, naye akawapa anwani. Mama Kadi aliiandika mwenyewe, herufi kwa herufi.

"Usibonyeze haraka," Dada Nyaya alisema. "Soma kwanza. Mradi huu ni wa nani? Unatafiti nini? Ukichoka, unajitoaje? Mradi wa kweli haufichi mambo hayo. Na haukuombi hela wala neno la siri la benki."

Mama Kadi akasoma yote, akirudia alipokwama.

"Lakini kompyuta yetu moja itasaidia nini?" binti aliuliza.

Dada Nyaya akachukua rundo la kadi. "Mama yako akipata oda ya kadi elfu moja za kesho, atamaliza peke yake?"

"Thubutu."

"Lakini akigawa kadi chache kila nyumba mtaani?"

"Zitaisha jioni."

"Ndivyo hivyo. Watafiti wanaigawa hesabu vipande vipande. Kompyuta yenu inapokea kipande kidogo, inakikokotoa, inarudisha jibu. Kipande hicho hicho wanampa na mtu mwingine, ili wafananishe majibu. Asiwepo wa kuharibu."

"Na kadi za wateja wangu je?" Mama Kadi aliuliza. "Zina majina ya watu na namba za simu."

"Swali zuri. Programu haina haja nazo, lakini tusiishie kuamini tu. Tutaifungulia akaunti yake ndani ya kompyuta, isiyofika kwenye mafaili yako. Na mafaili tutayanakili kwenye diski ya nje."

"Umeme?"

"Utaongezeka. Anayekwambia ni bure, anakudanganya. Tutaipangia ifanye kazi wakati wewe huitumii, kwa nusu ya nguvu, na ikipata joto ipumzike. Tazameni mita wiki nzima. Mkiona mnaumia, punguzeni, au simamisheni. Hakuna atakayewalaumu."

Akafungua ubavu wa mashine na kupuliza vumbi. Wote wakapiga chafya. Kisha wakaitoa kompyuta nyuma ya pazia na kuisogeza dirishani, mbali na karatasi, ipate hewa.

"Nikiweka na kwenye kompyuta za shule?" binti akauliza, macho yanamng'aa.

"Hapana! Hizo si zako. Mwenye mashine ndiye anayetoa ruhusa."

"Basi hata humu ndani tuombe ruhusa," Mama Kadi alisema. "Umeme ni wetu sote."

Wakamgeukia Spana. Muda wote alikuwa kwenye kiti chake, akisikiliza. Akafungua mdomo. Sauti ikatoka, nzito.

"Anasema kwamba..." Mama Kadi alianza kumsemea, kama kawaida yake.

Spana akainua mkono kumzuia. Akavuta pumzi, akaanza upya, neno moja moja.

"Sauti... yangu... pia... wachukue."

Safari hii hata binti alielewa.

Hospitali, Spana alielezwa sauti yake itatunzwaje, nani ataisikia, na kwamba akibadili nia anaweza kujitoa. Alikubali. Kila wiki alisoma sentensi mbele ya kinasa sauti. Akichoka alipumzika, akipumzika alirudi. Mtaalamu akimwambia imetosha, anatikisa kichwa na kuonesha ukurasa unaofuata.

Nyumbani, alasiri, Mama Kadi alimaliza kadi zake na kuiachia kompyuta kazi ya pili. Siku nyingine umeme ulikatika katikati ya hesabu. Ulipowaka, mashine iliendelea ilipoishia. Bili ilipanda, kama walivyoambiwa, nao wakapunguza saa za kazi. Majirani waliposikia, wakaanza kumuuliza. "Usibonyeze tangazo lolote," aliwaambia. "Njoo tukae, nikuoneshe." Wawili wakajiunga. Mmoja aliona kompyuta yake imechoka sana, akaacha, na hakuna aliyemsema.

Miezi ikapita. Siku moja mtaalamu akaja nyumbani na programu ya majaribio ya watafiti wale, akaiweka kwenye simu ya Spana.

"Sema chochote, mzee."

Spana akasema anataka chai ya moto. Simu ikaandika: *Nataka shati la mtoto.*

Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Spana akaitazama simu, akamtazama binti, kisha naye akaangua kicheko. Kile kicheko chake kikubwa. Mama Kadi aliingia jikoni kwa haraka, akajifanya anatafuta sukari.

"Bado inajifunza," mtaalamu alisema. "Ikikosea, mzee, isahihishe."

Spana aliisahihisha kila siku, bila huruma. Toleo jipya lilipokuja, makosa yalipungua. Lililofuata, yakapungua tena.

Ndipo asubuhi moja Spana akavaa ovaroli. Mama Kadi akamsindikiza hadi kwenye gereji ya Spana, ambayo sasa iliendeshwa na mdogo wake. Walikuta lori limegoma. Mafundi wameshabadilisha betri na bado haliwaki. Mwenye lori alikuwa amekunja uso.

"Karibu, kaka!" mdogo wake alisema, kisha akamgeukia Mama Kadi. "Shemeji, anasemaje?"

"Muulize mwenyewe," Mama Kadi alijibu, akasogea pembeni.

Spana akasikiliza injini ikihangaika. Akaisogeza simu mdomoni na kuongea. Mdogo wake akasoma kwa sauti: "*Acheni betri. Dizeli haifiki, bomba lina hewa. Legezeni nati ya juu ya chujio, pigeni pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe.*" Akainua kichwa. "Kaka, huyu ni wewe kweli?"

Spana akaongea tena. Simu ikaandika: *Mimi. Fanya kazi, mteja anangoja.*

Wakalegeza nati. Mapovu yakatoka, kisha dizeli safi. Lori likakohoa mara mbili, likawaka.

Mwenye lori alikunjua uso. Akampita mdogo mtu, akawapita mafundi wote, akasimama mbele ya Spana.

"Fundi, na breki zangu unazionaje?" akauliza.

Akatulia, akasubiri jibu.