Fundi Viatu na Kurasa za Mwanzo

Fundi viatu alijua kusoma akiwa na mvi. Alihitimu kisomo cha watu wazima mwaka uliopita, na tangu hapo hakuna maandishi yaliyopona. Alisoma vibao vya barabarani. Alisoma magazeti ya kufungia vitu. Alisoma hata kopo la gundi. Wateja walisubiri viatu vyao huku yeye anafuata mistari kwa kidole.

Siku moja mwalimu wake wa kisomo alimwazima kitabu kinene. Kilieleza maisha ya kiongozi mmoja mkubwa, aliyezaliwa fukara akaja kuongoza nchi yake. Jioni ile fundi alirudi nyumbani uso unang'aa.

"Mama Chiriku!" aliita. "Nimeijua siri ya wakubwa!"

Chiriku lilikuwa jina la utani la binti yao, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa darasa la mwisho shule ya msingi. Mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa karibu, na baba yake alitaka afaulu kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani.

"Siri gani tena?" mkewe aliuliza, mwiko mkononi.

"Shida! Kiongozi yule alikwenda shule miguu mitupu. Alisoma kwa koroboi. Alilala kwenye mkeka. Sisi huyu mtoto tunamdekeza. Ana viatu, ana taa, ana godoro. Atakuwa mkubwa saa ngapi?"

"Makubwa haya! Basi na wewe kalale kwenye mkeka."

"Mimi nimeshachelewa kuwa kiongozi," fundi alijibu.

Mtu akishapandwa na wazo kichwani, nani wa kulishusha? Viatu vya Chiriku vilifungiwa kabatini. Taa ya chumbani kwake ikatolewa balbu. Godoro likasimamishwa ukutani. Mtoto wa watu akawa anasoma kwa koroboi, moshi unamwingia puani, na asubuhi anasinzia darasani. Alama zake zikaanza kuporomoka.

Mtaani nako watu waliona kituko. Binti wa fundi viatu, miguu mitupu! "Kinyozi hajinyoi," walinong'ona. Mteja mmoja alikuja akachukua viatu vyake kabla havijashonwa.

"Mwanao tu humwezi," alisema, "sembuse mimi?"

"Chekeni," fundi alijibu. "Mtakuja kumwomba kazi."

Haukupita muda mrefu, Chiriku alipita kwenye kibanda cha baba yake kumsalimu. Alikuwa bado mlangoni alipokanyaga msumari. Tena msumari wenyewe ni wa baba yake, wa kugongea soli. Alipiga ukelele uliosikika mtaa mzima. Fundi alimbeba mgongoni mpaka zahanati.

Muuguzi alisafisha jeraha, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda.

"Mtu akichomwa na msumari, msingoje mguu uvimbe," alisema. "Mleteni siku hiyo hiyo. Kwani hana viatu huyu? Wewe baba, unafanya kazi gani?"

Fundi alificha mikono nyuma. "Biashara ndogondogo tu."

Jioni mwalimu wa kisomo alikuja kuwapa pole. Mama Chiriku alimweleza yote, hakubakiza hata koroboi.

"Fundi," mwalimu aliuliza, "umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili."

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtu bado ni mtoto humo, nawe umeshaanza kumwiga! Hebu soma hapa." Akafungua kitabu katikati.

Fundi alisoma polepole. "'Nilikwenda shule bila viatu kwa sababu havikuwepo. Sasa nimepewa madaraka. Sitaki mtoto mwingine atembee hivyo.'"

"Umeona? Shida haikumfanya mkubwa. Wangapi walipata shida ile ile wakaishia njiani? Yeye mama yake alimsaidia, walimu walimsaidia, naye akajitahidi. Halafu akawaondolea wengine shida. Ukimpenda mtu mashuhuri, usiige dhiki zake. Tazama alifanya nini kwa kile alichokuwa nacho. Kisha jiulize, mimi nina nini?"

Fundi alitazama mikono yake iliyojaa gundi. "Nina viatu," alisema kwa aibu.

"Viko kabatini," Chiriku alidakia kutoka kwenye mkeka.

Machozi yalimlenga fundi. "Nisamehe, mwanangu. Nilikutakia makubwa, nikakutoboa mguu."

Balbu ilirudi jioni ile ile. Godoro likashuka. Viatu vya Chiriku vikatiwa soli mpya, nzuri kuliko za wateja wote. Kibanda kikafagiliwa kila siku, na misumari ikakaa koponi. Tena kila Jumamosi fundi alishona bure viatu vya watoto wa darasa la mtihani. Wazazi wao wakaanza kumletea na vyao.

Chiriku alifaulu. Siku ya matokeo alizungumza kutwa, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Baba yake alifurahi kupita kiasi. Basi akafungua kile kitabu cha mwalimu.

"Lo! Mama Chiriku, hapa kiongozi anafungwa jela miaka mingi!"

Mkewe aliinuka mbio, akachomoa ufunguo wa mlango, akauficha kifuani.

"Tulia, mke wangu," fundi alisema akicheka. "Siku hizi nasoma mpaka mwisho kwanza, ndipo naiga."